Kabla ya Kung'arisha Meno ya Bibi Harusi, Tuangalie Fizi



Leo hatuandiki habari za vitambaa. Mliozoea kutusoma kwa magauni ya harusi na madera mtatuvumilia, kwa sababu jambo hili limetuingilia mpaka kwenye daftari letu la vipimo. Tukilinyamazia tutakuwa tunachuma kwa maharusi na huku tunawaficha la muhimu.

Wengi wenu mnajua kwamba cherehani peke yake haitulishi. Mara mbili tatu kwa mwaka tunapanda boti, tunashuka Dar, tunakamata basi mpaka Babati, kisha tunapandisha Mbulu kuchukua thomu. Huko wanaita kitunguu saumu, ukitaja thomu wanakutazama tu. Tukimaliza Mbulu tunateremka Katesh, wilaya ya Hanang, chini ya ule mlima, mji uliopigwa na maporomoko ya tope tarehe 3 Disemba 2023. Tunakwenda na mitandio na madera, tunarudi na magunia. Baridi ya kule msiulize.

Katesh tuna mwenyeji wetu, mama wa Kirangi, ambaye nyumba yake imekuwa kama ya kwetu. Binti yake alichumbiwa na kijana wa huku Unguja, na kazi ya gauni tukapewa sisi. Tulifurahi mno. Basi shangazi yake bwana harusi, alipoona picha za binti kwenye simu, akatupigia: "Mtoto mzuri mashaallah, lakini meno yale mtayafanyaje? Mimi sitaki watu waseme."

Meno ya yule binti yana rangi ya kahawia. Na siyo yake peke yake, ukikaa Hanang siku mbili utaona wazee, vijana na watoto wa skuli wenye meno hayo hayo. Watu wa pwani wakiona hudhani ni uchafu au ugoro. Siyo. Ni maji. Ardhi ya Bonde la Ufa imetokana na volkano, na maji ya visima vingi vya kule yanabeba madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Mtoto akiyanywa maji yenye zaidi ya hapo miaka ile ambayo meno yake ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya fizi, meno yanatoka tayari yana madoa. Magadi yanayotiwa kwenye maharage na makande nayo huongeza floraidi hiyo. Kwa hiyo unaweza kumkuta mtu wa Hanang ana meno ya kahawia na fizi zake ngumu, za waridi, safi kabisa. Na unaweza kumkuta mtu wa mjini kwetu meno meupe kama tui, na kila akipiga mswaki anatema damu.

Wakati ule sisi hatukuwa na habari hiyo. Tulichokuwa nacho ni mpango wetu wa harusi: gauni, mtandio, hina na piko, singo ya siku saba, na kung'arishwa meno kwa dada mmoja mwenye saluni ambaye tunampelekea wateja na yeye anatukatia chetu. Tunasema wazi, tulikuwa tunapata chetu. Kwa hiyo shangazi alipopiga simu tulimjibu bila kufikiri: "Hilo dogo, akifika Unguja meno tutayashughulikia."

Siku ya kumpima binti, sebuleni kwao Katesh, mmoja wetu ameshika tepu na mwingine anaandika. Tulipofika kifuani tuliona kovu, limenyooka katikati ya kifua kutoka juu mpaka chini. Yeye akacheka, akasema, "Anti, naomba shingo ije juu." Mama yake ndiye aliyetueleza. Akiwa darasa la sita binti alikuwa anachoka, anavimba miguu, akalala hospitali mara kadhaa, mpaka akapelekwa Dar es Salaam akafungulia moyo na kuwekewa valvu ya bandia. Miaka ya nyuma mgonjwa kama yule aliandikiwa safari ya India, na wasiobahatika walibaki nyumbani. Tangu 2015 ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na watoto wengi wa Tanzania wamefanyiwa huko huko Dar.

Halafu binti akasema neno moja kwa kupita tu, kama mtu anayesema leo kuna upepo: "Meno sishtuki nayo, ila fizi zinatoka damu sana, na kung'oa au kusafisha naogopa. Niliambiwa mwenye moyo asiguswe meno."

Nani alimwambia? Mama hakumbuki. Jirani, ndugu, mtu fulani. Kwa miaka minane hajakanyaga kwa daktari wa meno. Damu ikizidi, anasaga kitunguu saumu anabandika kwenye fizi.

Dada zetu, tulirudi na magunia ya thomu na hatukulala vizuri. Tulikuwa tumeshampangia tarehe ya saluni. Na yule dada wa saluni, kabla ya kupaka dawa yake ya kung'arisha, huwa anakwangua meno kwa kichuma mpaka damu inatoka, anafuta, anaendelea. Tumemuona kwa macho yetu mara nyingi na hatukuwahi kuona ubaya.

Tukaenda kuuliza kwa wanaojua, na tuliyoambiwa ndiyo tunayowaletea.

Ukoga unaoganda kwenye meno ni vijidudu vilivyo hai. Usipousafisha, fizi inavimba na kutoka damu. Ukiachwa zaidi unakuwa mgumu kama chokaa, madaktari wanauita ugaga, na huo hauondoki kwa mswaki wowote. Chini yake fizi inaachana na jino, kinafanyika kijishimo, usaha unakaa, mfupa unaoshika jino unalika, na jino linaanza kucheza. Haya yote yanaweza kwenda miaka bila kuuma, na ndiyo sababu tunayapuuza. Huku kwetu damu ya fizi tunaiita kiseyeye, tunanyonya ndimu, tunasema imekwisha. Kiseyeye cha kweli kinatokana na kukosa vitamini C na ni nadra kwa mtu anayekula embe, chungwa na mchicha. Wengi wetu tuna ugaga, na ndimu juu yake inalika jino tu.

Sasa moyo. Fizi iliyojaa kidonda ni mlango wa kuingilia damuni. Kila unapotafuna na kila unapopiga mswaki, vijidudu kidogo vinapita. Kwa mwenye moyo mzima mwili unavimaliza mara moja. Kwa mwenye valvu ya bandia, au aliyewahi kupata uambukizo ndani ya moyo, au baadhi ya waliozaliwa na kasoro za moyo, vinaweza kunata palepale kwenye valvu, vikajijenga, vikala. Mtu anapata homa isiyoisha, anakonda, na wengine wanakufa. Kwa hiyo lile neno aliloambiwa binti lilikuwa limepinduliwa. Mwenye valvu ya bandia ndiye hasa anayetakiwa kuangaliwa meno mara kwa mara, ili fizi zisifike pabaya. Ila kabla hajaguswa fizi lazima aseme ana valvu, apewe dozi ya antibaiotiki saa moja kabla, na kazi ifanywe na daktari wa meno aliyesoma, siyo saluni. Kwa mwenye valvu yake mwenyewe iliyoharibika, kama antibaiotiki inahitajika au haihitajiki ni la daktari wa moyo kuamua.

Na tusichanganye. Ugonjwa uliomharibia binti valvu haukutoka kwenye fizi. Ule unaanzia kooni: mtoto anapata tonsi za bakteria, hazitibiwi sawasawa, mwili unapopigana nazo unaudhuru moyo wake wenyewe. Mama mwenye mtoto anayelalamika koo na homa ampeleke atibiwe, na dozi aimalize.

Je, sisi tusio na valvu za bandia? Hapa ndipo maneno yanapokuwa mengi mitaani, na ndipo tunapotaka kusema letu. Siku hizi utasikia mtu anauza dawa ya meno anasema: tibu fizi, utaepuka mshtuko wa moyo. Hilo ni kuuza kuliko inavyojulikana. Kweli ni kwamba wenye ugonjwa mkubwa wa fizi hupatikana na maradhi ya moyo na kiharusi zaidi kuliko wenzao. Lakini watu hao hao mara nyingi wana sigara, wana kisukari, wana uzito, na vitu hivyo vinaharibu fizi na moyo kwa pamoja. Jumuiya ya Moyo ya Marekani ilikaa ikapitia tafiti nyingi, na mwaka 2012 ikasema uhusiano upo hata ukiondoa sababu hizo, ila haijathibitika kwamba ugonjwa wa fizi ndio unaoleta ugonjwa wa moyo, wala kwamba kutibu fizi kunauzuia.

Kuna utafiti mmoja wa London uliochapishwa 2007 ambao tuliupenda kwa sababu unaeleweka hata na fundi cherehani. Watu 120 wenye fizi mbaya waligawanywa, nusu wakatibiwa kwa nguvu, nusu kwa usafishaji wa kawaida. Wakapimwa mishipa ya damu, jinsi inavyotanuka. Siku ya kwanza baada ya matibabu makubwa mishipa ilikuwa mibaya zaidi, kwa sababu fizi zilikuwa zimechokonolewa. Miezi sita baadaye ilikuwa inatanuka vizuri kuliko ya wale wengine. Hiyo ni mishipa kupata nafuu. Haijasema nani atakufa na nani hatakufa. Kwetu sisi inatosha kumwambia mtu asafishwe fizi, na haitoshi kumwambia aache dawa ya presha.

Tunang'ang'ania hapa kwa sababu kuunganisha kinywa na maradhi ya mwili bila ushahidi kumewahi kuumiza watu. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wengi wa Uingereza na Marekani waliamini magonjwa mengi yamejificha kwenye meno, wakang'oa meno mazima ya watu kwa maelfu. Uingereza wapo wasichana waliong'olewa meno yote kabla ya ndoa wakatiwa ya bandia, ili mume asije kupata gharama mbele. Hiyo ilikuwa zawadi ya harusi! Na tusiwacheke. Mbulu na Hanang, kama sehemu nyingine nyingi za Tanzania, mtoto mchanga akiharisha na kupata homa wapo bado wanaosema ana meno ya plastiki, wanamkata fizi kwa kitu cha ncha kutoa vijino ambavyo havijaota. Mtoto anavuja damu, anapata uambukizo, na kuharisha kwake kunabaki palepale. Tumekaa na mama mmoja kule aliyepoteza mjukuu. Hatukuwa na la kumwambia.

Basi msimamo wetu ni huu: fizi zitibiwe kwa sababu ni ugonjwa, unang'oa meno ya watu wakiwa na miaka arubaini, unatoa harufu inayomfanya mke aongee na mumewe huku ameziba mdomo. Moyo ukipata faida juu yake, alhamdulillah. Kwa mwenye kisukari faida iko wazi zaidi, sukari yake hushuka kidogo fizi zikitibiwa. Na mja mzito ajue kwamba homoni za mimba zinafanya fizi zivimbe na kutoka damu kirahisi, kwa hiyo biharusi anayeingia ndoani na fizi mbovu anakwenda kuzikuta zimezidi.

Kuhusu thomu, tunajipiga wenyewe mfukoni. Kula kwenye pilau, kwenye mchuzi, hakuna tatizo. Kuibandika mbichi kwenye fizi inaunguza nyama kama maji ya moto, tumeiona kwa binti, sehemu nyeupe imechubuka. Na anayekunywa dawa ya kuzuia damu kuganda, kama wenye valvu za chuma wanavyokunywa kila siku, asile thomu nyingi kwa kusudi la tiba bila kumwambia daktari, maana nayo inaongeza kuvuja damu. Vilevile asiache vidonge hivyo mwenyewe kwa sababu anakwenda kutibiwa meno. Na akitaka mtoto aonane na daktari wa moyo kabla hajashika mimba, kwa kuwa dawa hizo, hasa warfarini, zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Hili la mwisho mama yake binti hakuwahi kulisikia. Kungwi gani angemfundisha?

Mswaki wa mti je? Mtume wetu (s.a.w.) alihimiza mswaki, na wanavyuoni wameuhesabu katika sunna zilizokokotezwa. Tuutumie. Ila tuutumie vizuri: uwe laini, utafunwe ncha mpaka iwe nyuzi, upitishwe taratibu kutoka kwenye fizi kuelekea kwenye jino. Wengi tunausugua kama tunapiga msasa mlango, fizi zinarudi nyuma. Na magego ya ndani haufiki vizuri, ndiyo maana mtu anaweza kuwa na mswaki mdomoni kila Sala na huku ndani ana ugaga wa miaka kumi. Usafishwe na daktari mara moja, kisha sunna iendelee. Na tambuu yenye tumbaku, wallahi, mabibi zetu watusamehe, hiyo iachwe.

Tulimpigia mama Katesh, tukamwambia yote, na tukamwambia saluni tumeifuta. Hakutuuliza mengi. Kwa bahati kule siyo jangwa la matibabu kama watu wa mjini wanavyodhani. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, ipo tangu 1955, na watu wa Hanang na mikoa ya jirani wanaikimbilia. Binti alipelekwa kwa daktari wa meno na kadi yake ya kliniki ya moyo mkononi. Daktari aliisoma, akawapigia wanaomtibu moyo, akataka kipimo cha damu, ndipo akampangia siku. Akameza dawa, akasafishwa, akaambiwa arudi. Alirudi mara tatu.

Mkwaruzano ukatokea huku Unguja. Shangazi alitaka meno meupe. Tukamwambia fizi zimetibiwa, rangi ni ya maji aliyokunywa utotoni, iko ndani ya jino, dawa ya kung'arisha mara nyingi haiitoi yote, wakati mwingine inafanya madoa yaonekane zaidi. Akasema tunamharibia shughuli. Yule dada wa saluni naye alikasirika, kwa haki yake, kwani tulimkatia wateja katikati ya msimu, na pesa ile kwetu pia ilikuwa kodi ya duka ya miezi miwili. Mpaka leo tukikutana sokoni tunasalimiana kwa mbali.

Harusi ilikuwa nzuri. Shingo ya gauni ilikuja juu, lesi nyeupe mpaka kidevuni, tuliitia lulu kwa mkono usiku mbili. Kwenye picha alicheka na meno yake yote. Juzi ametuma sauti kwenye simu, anasema tangu alipomaliza matibabu mswaki wake hauna damu, na kwamba mume wake amemuandikisha kliniki ya moyo ya Mnazi Mmoja kabla hata ya kuzungumzia mtoto.

Sisi daftari letu la vipimo lina kifua, kiuno, nyonga, mkono, urefu. Sasa chini yake tumeandika kwa kalamu: fizi zinatoka damu? moyo umewahi kutibiwa? sukari? Wiki iliyopita alikuja biharusi mmoja wa Mwanakwerekwe, tukamuuliza. Akatuangalia juu mpaka chini. "Nyinyi mafundi au madaktari?" Tukamwambia mafundi. Akanyamaza, tepu bado kiunoni, halafu akasema, "Zinatoka. Kila siku. Nilidhani ni kawaida."